Sanduku la Harusi Halikazwi Kama Hema

Mederbek ni fundi wa mahema ya manyoya, yale ambayo Wakirgizi hupanda nayo milimani kila kiangazi. Hema huzungushiwa mkanda wa sufu, na wanaume huuvuta mpaka mbao zilie. Kwa kazi hiyo hana mpinzani. Anajua hivyo, na asiyejua huambiwa.

Kiangazi kimoja binti yake, Ayperi, aliolewa ng'ambo ya mlima. Kwa desturi, wazazi wake walitakiwa kumpelekea magodoro ya kushonwa kwa mkono, mito na sanduku. Sanduku lenyewe lilikuwa la marehemu mama yake Mederbek, la mbao nyepesi zenye nakshi. Mkewe, Burulkan, alikosa raha kwa ajili yake. Likivunjika njiani, jingine la mama mkwe wake angelipata wapi?

Asubuhi ya safari Mederbek alitoka sokoni na mkanda mpana kama kiganja, wa kufungia matrekta. Ulikuwa na racheti, yaani chuma cha meno chenye mpini wa kukazia. Alikuwa ameomba mkanda wenye nguvu kuliko yote, na muuzaji hakumbishia. Akaupitisha juu ya sanduku kwenye gari dogo la mizigo la jirani yao, Sabira, akaanza kukaza. Akakaza tena. Mbao zikalia.

"Hapo sawa," akasema. "Kitu kikilia ujue kimeshika."

"Baba Ayperi, hilo si hema," Burulkan akamwambia.

Hakusikia. Kifuniko kikabonyea katikati. Ndipo Sabira akatoka nje na bakuli lake la chai. Mwanamke huyu husafirisha asali na mayai mwaka mzima.

"Kaka, unalifunga au unalikamua?"

Mederbek akanuna. Akauliza kama mkanda wenye nguvu zaidi si ndio salama zaidi.

"Kwa trekta, ndiyo. Racheti hii ni ya kubana chuma. Ukivuta kidogo tu, mbao inaumia na wewe huna habari. Mzigo mwepesi unataka mkanda mwembamba, wa vidole viwili."

Sabira akaufungua mkanda polepole. Kifuniko kikarudi mahali pake, na Burulkan akashusha pumzi. Wakaenda sokoni wote watatu, Mederbek nyuma.

Sabira akawaonyesha lebo iliyoshonwa kwenye mkanda, inayosema unabeba uzito gani. Usio nayo waliuacha, japo ulikuwa rahisi. Akakagua mshono, kisha akahakikisha kulabu zinaingia kwenye pete za gari lake. Akataka miwili, kwa sababu mzigo uliofungwa kwa mmoja huzunguka.

Nyumbani walikunja vipande vya manyoya wakaviweka kwenye pembe za sanduku. Walilaza mikanda bila kuisokota wala kuipiga fundo. Wakavuta ulegevu kwa mkono kwanza, ndipo wakakaza kidogo kwa racheti ndogo za mikanda hiyo.

"Sasa lisukume," Sabira akasema. "Halitikisiki? Basi, acha hapo hapo."

Walipotoka kijijini walisimama kukagua. Magodoro yaliyolazwa chini ya sanduku yalikuwa yamebonyea, na mkanda mmoja umelegea. Mederbek alishuka mwenyewe, akaukaza kidogo, akaondoa mkono haraka kabla tabia yake ya zamani haijamshika.

Ukweni wanawake walijaa uani kutazama. Ayperi aliinua kifuniko kwa mkono mmoja, kikafunguka bila kukwama. Mama mkwe wake akapapasa nakshi, akauliza ni kazi ya nani.

"Ni sanduku la bibi yangu," Ayperi akasema. "Limefika kama alivyoliacha."

Mederbek alijawa na furaha. Wakwe wakamsifu kwa kulifunga vizuri. Yeye, ambaye hajawahi kugawana sifa na mtu, akamshika Sabira mkono akamleta mbele.

"Kukaza nilijua," akawaambia. "Huyu ndiye aliyenifundisha kuacha."