Baiskeli Isiyo na Magurudumu

Kijiti alirudi kutoka shule, akavua viatu mlangoni na kumwamkia mama yake. "Marahaba," mama aliitikia kwa sauti ndogo bila kuinua macho kutoka kwenye shati alilokuwa akilipiga pasi. Kijiti akaingia chumba cha pili, akamwamkia bibi yake, naye akaitikia kwa sauti ndogo vilevile. Katika nyumba ile hakuna aliyekuwa na nguvu ya kupaza sauti.

Kila mmoja alikuwa na uchovu wake. Mama alikuwa akifua mashuka ya nyumba ya wageni tangu alfajiri, na mchana alirudi na mafurushi ya nguo za watu za kupiga pasi. Meza yake ilikuwa chumba cha mbele, katikati ya mafurushi hayo, na akishaanza kazi ilikuwa shida hata kugeuka. Kijiti naye alikuwa katika muhula wa mitihani. Alibeba mkoba uliojaa vitabu, akatembea juani, na akifika nyumbani alitamani kitanda tu.

Bibi ndiye aliyechoka kuliko wote. Zamani alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Ndiye aliyempa Kijiti jina hilo la utani siku alipompima sare yake ya kwanza ya shule. "Hapa hakuna cha kupima," alisema huku akikunja utepe wake. "Hiki ni kijiti tu." Lakini tangu alipougua na kulala kitandani kwa muda mrefu, miguu yake ilikuwa imelegea. Magoti yalikaza na vifundo vilivimba. Hakuweza tena kusimama bila kushikwa.

Jambo lililomuumiza zaidi lilikuwa safari ya chooni. Kila alipotaka kwenda, ilibidi Kijiti au mama amshike mkono, amfikishe, kisha angoje mlangoni. "Nimeshona nguo za harusi za mtaa huu wote," alilalamika siku moja, akiwa ameegemea ukuta kupumzika njiani. "Leo naongozwa kwenda chooni kama mtoto mchanga. Nikienda mwenyewe mara moja tu na kufunga mlango, sitaomba kitu kingine."

Kwa sababu hiyo mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamama mchangamfu kutoka zahanati, aliwaletea mashine ya kuazima. Ilikuwa kisanduku kizito chenye pedeli mbili, mikanda ya kufungia miguu na waya wa umeme. Mgonjwa hukaa kitini, huweka miguu kwenye pedeli, na mota huizungusha polepole hata kama miguu yenyewe haina nguvu. Mtaalamu aliwaelekeza vizuri. Kiti kiegemee ukuta kisije kikateleza. Mwendo uwe ule wa chini kabisa. Bibi akihisi maumivu, mashine izimwe mara moja. Na mtu awe karibu naye wakati wote.

Bibi aliitazama mashine ile kwa jicho la fundi asiyeridhika. "Baiskeli gani hii?" aliuliza. "Haina magurudumu, haina kengele, na haifiki popote."

Kazi ya kukaa na Bibi alipewa Kijiti. "Mimi siwezi kuacha pasi na kuja kuchungulia kila mara," mama alimwambia. "Lakini nikisikia mashine inavuma huko chumbani, moyo wangu unatulia."

Siku za mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Kijiti alifunga mikanda, akabonyeza kitufe, akakaa kwenye kigoda na kitabu chake. Miguu ya Bibi ilizunguka, Bibi akanung'unika, na zoezi likaisha.

Halafu ikaja siku moja ya joto kali. Kijiti alikuwa ametoka kwenye mtihani wa hesabu na macho yake yalikuwa mazito. Alipoinama kushika mguu wa Bibi, Bibi aliurudisha nyuma.

"Mjukuu wangu, leo miguu haitaki."

"Hata mimi sitaki, Bibi. Lakini mama akisikia kimya atakuja kuuliza."

Bibi aliutazama ukuta, kisha akaitazama mashine. Uso wake ukapata utundu ambao Kijiti hakuwa ameuona tangu Bibi augue. "Basi iache ivume," alinong'ona. "Kwani miguu ndiyo inayovuma?"

Kijiti alibonyeza kitufe. Pedeli zikazunguka zenyewe, bila mguu juu yake, na wote wawili wakaziba midomo kwa mikono wasisikike wakicheka. Kisha Bibi akalala palepale kitini, na Kijiti akaegemeza kichwa kwenye ukingo wa kitanda. Mashine ilipojizima waliamka.

"Haya, tumefika wapi leo?" Bibi aliuliza, nao wakacheka tena.

Kesho yake walifanya hivyohivyo, na siku iliyofuata pia. Ikawa ndiyo desturi yao ya alasiri: mashine inafanya mazoezi, wao wanalala. Kilichomsumbua Kijiti ni pale mama alipoingia na glasi ya maji baada ya mvumo kukoma, jasho likimtiririka, na kusema, "Poleni na mazoezi."

"Ahsante, mwanangu," Bibi alijibu, akitazama pembeni.

Kijiti alijipa moyo kwamba kupumzika nako ni dawa. Lakini safari ya chooni ilizidi kuwa ndefu. Bibi alisimama kupumzika mara nyingi zaidi, na uzito wake wote uliangukia bega la Kijiti. Vifundo vya miguu vilivimba hadi ndara zikawa hazimwingii. Kijiti aliona yote hayo. Kila siku alijiambia kwamba kesho wataanza tena, na kesho ilipofika alikuwa amechoka.

Mtaalamu wa viungo alirudi kuwatembelea. Alimsalimia Bibi kwa utani kama kawaida yake, lakini alipopiga magoti na kushika mguu, utani uliisha. Alibonyeza kifundo kwa kidole gumba, na alama ya kidole ikabaki pale. Alijaribu kukunja goti, Bibi akauma meno.

"Mazoezi mnafanya kila siku?" aliuliza.

"Kila siku," mama alijibu akiwa mlangoni, shati la mteja mkononi. "Nasikia kwa masikio yangu mwenyewe."

Mtaalamu alitikisa kichwa. "Basi kuna jambo haliko sawa. Kama mazoezi yanafanyika na miguu inazidi hivi, tatizo liko kwingine, pengine kwenye moyo. Itabidi nimwombe daktari amwongezee dawa za kupunguza maji mwilini. Ni dawa kali, lazima tuwe waangalifu nazo." Kisha akageuka kwa Bibi na kupunguza sauti. "Na habari ya kwenda chooni peke yako, Fundi, tuiweke kando. Watakutafutia chombo cha kutumia humuhumu chumbani."

Bibi alishika pindo la gauni lake na kulikunja, akalikunjua, akalikunja tena. Macho yake yalijaa machozi. Mtaalamu alikuwa ameshatoa simu kumpigia daktari.

Kijiti aliitazama simu ile. Angekaa kimya, hakuna ambaye angejua. Lakini Bibi angepewa dawa kali kwa ugonjwa ambao pengine hana.

"Usipige!" alisema, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. "Tafadhali, dokta. Bibi hafanyi mazoezi. Huwa nawasha mashine peke yake, bila miguu, halafu tunalala."

Kijiti aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Msimlaumu mtoto peke yake," Bibi alisema hatimaye. "Fundi wa uongo huu ni mimi. Yeye alikuwa mwanagenzi wangu tu."

Mama alirudi chumba cha mbele. Walimsikia akichomoa waya wa pasi ukutani. Aliporudi aliketi ukingoni mwa kitanda, na Kijiti akajikunyata akingoja kugombezwa.

"Nilijua," mama alisema. "Si kwamba nilijua, lakini nilisikia. Mama, mimi nimekua nikilala kwa mlio wa cherehani yako. Najua mashine yenye mguu juu yake inavyolia, na isiyo na mguu inavyolia. Hii ilikuwa inalia nyepesi. Nikajiambia ni masikio yangu yamechoka." Alipangusa uso kwa kiganja. "Niliogopa kuja kutazama, kwa sababu ningekuta kazi nyingine inaningoja. Hata nguvu ya kugomba sikuwa nayo."

Mtaalamu alirudisha simu mfukoni, akashusha pumzi. "Afadhali mmesema sasa," alisema. "Bado nitamleta daktari aitazame miguu hii, lakini atakuja akijua ukweli. Dawa zisiongezwe kabla ya hapo." Kisha akamgeukia Bibi. "Na wewe Fundi, niambie. Mashine imekukosea nini?"

"Cherehani niliiendesha mimi," Bibi alijibu. "Hii inaniendesha. Nakaa hapo kama furushi."

Mtaalamu alicheka. Alimfunga mikanda, akaweka mwendo wa chini na kubonyeza kitufe. "Sasa sukuma mwenyewe kidogo, kama unashona. Umeona? Ukisukuma, mota inakuachia. Ukichoka, inakupokea." Bibi alikunja uso, akasukuma. Mvumo ulibadilika, ukawa mzito na wa chini. Mama aliinamisha kichwa kusikiliza.

"Huo ndio," alisema.

Pale pale wakapanga upya. Zoezi lote kwa mkupuo mmoja lilikuwa linamchosha Bibi, kwa hiyo lingegawanywa, kidogo asubuhi na kidogo alasiri. Asubuhi angekaa naye Kijiti kabla ya shule, akili ikiwa bado mbichi. Alasiri mama angeweka pasi chini na kukaa naye mwenyewe, na Kijiti angelala kwanza kabla ya kushika vitabu. Bibi angewekewa kimeza mbele yake na mashati ya wateja yaliyokatika vifungo, ili mikono nayo iwe na kazi wakati miguu inazunguka.

Mtaalamu alipoondoka, mama alimvuta Kijiti karibu. "Sikukasirika kwa sababu umechoka," alimwambia. "Hata mimi nimechoka, hata Bibi. Kuchoka si kosa. Lakini ukichoka, sema, tugawane kazi. Ukinyamaza na kuiacha mashine ivume yenyewe, sisi wengine tunaamini kazi imefanyika, na mgonjwa ndiye anayeumia. Leo ulikuwa karibu kumpa bibi yako dawa isiyo yake."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Na mimi nisamehe kwa kusikia nikanyamaza."

Uvimbe haukupungua kwa siku moja, wala uchovu haukuhama nyumba ile. Kulikuwa na siku Bibi alinuna na siku Kijiti alisinzia kigodani. Lakini miguu ilikuwa juu ya pedeli. Polepole ndara zikaanza kumwingia tena, na daktari alipokuja alisema dawa zilezile zinatosha.

Alasiri moja, mwisho wa muhula, Kijiti aliingia akiburuta mkoba. "Mama, leo nimechoka sana," alisema mlangoni, na mama akamwonyesha kitanda. Alijilaza chumbani kwake akisikiliza mvumo mzito wa chumba cha pili, usingizi ukampitia. Alishtuka aliposikia umekoma. Akasikia kiti kikilia, kisha ndara zikiburutwa sakafuni, taratibu, zikipita mbele ya mlango wake.

Aliruka, akamkimbilia. Bibi alikuwa ameshafika mlango wa choo, mkono mmoja ukutani, mama yuko nyuma yake hatua chache, hamgusi. Kijiti akanyoosha mkono amshike kama alivyozoea.

"Nani amekuita?" Bibi alifoka, kwa sauti kubwa ambayo nyumba ile ilikuwa imeisahau. "Umesema umechoka, na umesema kweli. Msema kweli hapa nyumbani huachwa alale. Rudi kitandani!"

Akaingia, akafunga mlango, na komeo likasikika kwa ndani.