Kaza Mpaka Ilie

"Una macho wewe, au una vifungo vya shati?" Dobi alikuwa anauliza, shuka jeupe la mteja wake amelitandaza mikononi kama mtu anayeonyesha ushahidi mahakamani. "Angalia hapa. Na hapa. Hii ni oili, na oili haitoki!"

"Mimi oili namwagia kwenye kopo," akajibu Mikate bila kuinuka alipochuchumaa. "Shuka lako limejipitisha lenyewe."

"Limejipitisha? Lina miguu?"

"Kamba yako iko chini. Pandisha kamba."

"Nipandishe kamba kwa ajili ya pikipiki? Hiyo pikipiki yako inavuja, bwana! Jana nimehesabu matone manne pale unapoiegesha, leo tisa. Ipeleke kwa wenyewe waitazame."

"Kwa wenyewe!" Mikate akacheka, akageuka kututafuta sisi watazamaji. "Wale wezi wenye mashati meupe? Wewe fua, Dobi. Bolti niachie mimi."

Mimi nilikuwa barazani kwangu nasuka kichwa cha mteja, na nikiri mapema, ndugu zangu, nilikuwa nafurahia. Ugomvi wa majirani ukiwa wa bure, nani anaingia ndani? Nilicheka, mteja wangu akacheka mpaka nikakosea msuko. Katika kicheko kile, lile neno la matone tisa lilipita kama nzi. Hakuna aliyelishika.

Kwa wasiotujua: sisi ni nyumba tano zinazotazamana katika ua mmoja wenye bomba moja la maji. Mikate tunamwita hivyo kwa kazi yake. Alfajiri hupakia makreti ya mikate kwenye pikipiki, akayasambaza madukani, kisha hurudi kumchukua mkewe na kumpeleka shule ya chekechea anakofundisha. Huyo mkewe sote humwita Mwalimu, hata wanaomzidi umri. Ana mkono wa kulia wa ajabu. Mpe chaki, atakuchorea kuku mpaka utake kumrushia punje. Basi, mnapomsikia Dobi akihesabu matone, kumbukeni nani hukaa kiti cha nyuma kila asubuhi.

Sasa nirudi nyuma kidogo, msije mkadhani Mikate ni mjinga. Si mjinga hata kidogo.

Pikipiki aliinunua mpya, kwenye duka kubwa lenye gereji yake, sakafu ya vigae na kiti cha kungojea. Walimwambia kila baada ya kilomita kadhaa airudishe kwa sevisi. Akairudisha mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila mara bei ilikula kipato cha siku nne za kubeba mikate. Anapewa karatasi ndefu iliyojaa alama za vema: plagi imekaguliwa, cheni imekaguliwa, kichujio cha hewa kimesafishwa. Mara ya nne akaja kwangu.

"Shemeji, nipe rangi ya kucha."

"Ya nani? Umepata mwingine?"

"Acha utani. Nipe nyekundu."

Akapaka tone dogo pale plagi inapokutana na injini, na jingine kwenye skrubu ya kifuniko cha kichujio. Mtu akivifungua tu, rangi inapasuka. Akaipeleka kampuni, akakaa kwenye kiti chao, akalipa, akarudi nayo. Ua mzima tuliinama kutazama. Rangi yangu ilikuwa nzima, inang'aa kama kucha ya bibi harusi. Na karatasi ilisema plagi imekaguliwa.

Kuanzia siku hiyo Mikate akaapa kwamba gereji ile hataikanyaga tena. Na nani angemlaumu? Alikisoma kile kitabu kinachokuja na pikipiki mpaka kurasa zikalegea. Akajifunza kumwaga oili chakavu na kutia mpya, kusafisha kichujio, kuipaka cheni mafuta. Mara ya kwanza alitumia nusu siku na akasahau kifuniko juu ya tofali. Mara ya tatu alimaliza kabla sijamaliza kichwa kimoja. Pikipiki ikawa na sauti laini kuliko ilipotoka dukani. Kwa akiba ile Mwalimu alinunua viatu vipya vya shule, na alivitembeza uani mara mbili ili nivione.

Tatizo, wapendwa, lilikuwa neno moja.

Wakati bado anakwenda kampuni, Mikate alikuwa akisimama dirishani kuchungulia mafundi. Mmoja ni mwanamke, wanamwita Dada Fundi. Siku moja alimsikia akimwelekeza mwenzake kuhusu bolti ya chini ya injini, ile ambayo ukiifungua oili inamwagika yote. "Kaza mpaka ilie," Dada Fundi alisema. "Ikilia, acha hapo hapo." Mikate akalibeba neno hilo mpaka nyumbani kama mtu aliyeokota pete.

Kitabu chake kilitaja namba fulani ya kukazia, lakini namba ile hakuielewa. Neno alilielewa. Akawa anaikaza bolti ile kwa spana ya kawaida, na spana ikigoma anavisha kipande cha bomba la chuma kwenye mpini ili apate nguvu, anavuta, mishipa ya shingo imemtoka, mpaka bolti inatoa mlio, kwiii!

"Imelia!" anapiga kelele.

Ikawa mchezo wa ua. Tukimwona amechuchumaa, mmoja wetu anauliza, "Imelia?" naye anajibu, "Imelia!" tunapiga makofi. Mwenye kuuliza kwa sauti kubwa kuliko wote nilikuwa mimi. Ninaandika hili ili msinione hapa kama malaika.

Injini ya pikipiki ni ya alumini, laini ukilinganisha na bolti. Ukikaza kupita kiasi, meno ya ndani ya tundu yanaanza kukatika. Na kila alipoifanya ilie, meno yalipungua. Hayo nimekuja kuyajua baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba tuna fundi wa nyumbani na tunamringia.

Mara ya mwisho kabla ya ule ugomvi wa shuka, bolti ililia, kisha ikalegea mkononi mwake. Ikazunguka tu bila kushika. Siku hiyo tulipouliza, Mikate alijibu "imelia" kwa sauti ya chini, akaenda kunawa. Aliifunga kwa utepe wa mafundi bomba, akaibana alivyoweza, na kesho yake tone la kwanza likaanguka.

Mwalimu aliliona. "Mume wangu, hii inatoa nini?"

"Maji ya kuoshea."

Siku iliyofuata akakunjua boksi la mikate, akalitandika chini ya injini kama mkeka, eti asichafue ua. Mwalimu akamwambia, "Kwa nini usiipeleke waitazame mara moja tu? Nitatoa mimi pesa." Akakunja uso. "Niwapelekee ili wanicheke? Mimi niliyewakamata na rangi ya kucha?"

Dobi alipokuja na shuka lake, basi, alikuja na onyo la kweli. Lakini lilikuja limevaa nguo za ugomvi, na mtu mwenye siri akigombezwa husikia ugomvi tu.

Asubuhi iliyofuata Mikate na mkewe walitoka kama kawaida. Mwalimu alinipungia mkono, ule wa kulia. Hawakufika. Kwenye mteremko wa kuelekea shuleni bolti ilichomoka, oili yote ikamwagika kwenye tairi la nyuma, na tairi lenye oili halina tofauti na sabuni. Pikipiki ililala, ikasota. Mikate alichanika suruali na goti. Mwalimu alitanguliza mkono. Injini nayo, iliyoendelea kuunguruma pale chini bila tone la oili, ikanoki, vyuma vya ndani vikashikana, ikafa.

Mfupa ulivunjika mahali pawili juu kidogo ya kifundo. Daktari alimfunga plasta ngumu kutoka vidoleni mpaka kiwiko. Alipoulizwa kama ataweza kuandika tena, alisema, "Tutaona plasta ikitoka." Neno "tutaona" si neno la kumpa mtu anayechora kuku kwa ajili ya watoto arobaini.

Alipotoka hospitali, Mwalimu hakwenda nyumbani kwake. Alikuja kwangu, akasema anahitaji mtu wa kumsuka na kumfunga vifungo. Hakugomba. Hakusema lolote juu ya mumewe, na jamani, mimi nilijaribu kumchokonoa kwa kila njia. Mikate alikuja kila jioni, akasimama uani, akauliza, "Mgonjwa anaendeleaje?" Nikamjibu mimi. Mwalimu ndani alisikia yote, akageukia ukuta.

Siku ya nane baada ya ajali Mikate akakodi mkokoteni, akaifunga pikipiki juu yake, akaelekea kampuni. Mimi nikajipeleka kumsindikiza. Sikualikwa.

Dada Fundi aliinama chini ya injini, akaingiza kidole kwenye tundu, akakitoa kikiwa na unga wa alumini.

"Uliikaza vipi hii, kaka?"

Mikate aliangalia vigae. Nilidhani atasingizia barabara, au kiwanda, au Dobi.

"Mpaka ikalia," akasema.

"Nini ikalia?"

"Bolti. Wewe mwenyewe ulisema. Nilikusikia pale dirishani. Kaza mpaka ilie."

Dada Fundi hakucheka. Alikwenda ukutani, akatungua spana moja ndefu yenye namba kwenye mpini, akaipachika kwenye bolti ya pikipiki nyingine, akavuta polepole kwa mkono mmoja kama anayefungua mlango wa chumba cha mtoto aliyelala. Spana ikasema, tak! Akaacha.

"Inayolia ni spana, kaka. Unaiwekea namba iliyo kitabuni, ikifika hapo inalia kukuambia basi. Bolti yenyewe ikilia, ujue umeiumiza."

Mikate aliishika ile spana, akaigeuza, akazitazama zile namba. Ndizo zile zile za kitabuni.

"Hii inauzwa ghali?" akauliza.

"Bei yake haifiki sevisi mbili. Na hata ungekuja kuiazima kwa dakika tano ningekuazima. Kwa nini hukugonga dirisha ukaniuliza?"

"Mngenicheka."

"Tungecheka kidogo," akasema Dada Fundi. "Halafu tungekuonyesha."

Mikate naye, kwa heshima yake, alimweleza habari ya rangi ya kucha. Dada Fundi akatazama ofisini, akashusha sauti. "Hilo ni kweli, na ni aibu yetu. Pikipiki zikiwa nyingi, karatasi inajazwa kabla ya kazi. Mambo ya oili na cheni endelea kujifanyia, unayaweza. Ila usilolielewa, uliza. Niulize hata mimi."

FUNZO

Wenzangu, sikuandika haya ili mkimbilie gereji za vigae kila pikipiki ikikohoa. Wala sisemi kila mtu ajitie ufundi. Kujifanyia kazi kunapunguza gharama, na kunakufanya ukijue chombo kinachokubeba. Mikate alikuwa na haki ya kukasirika, na akiba yake ilikuwa ya halali. Kilichoiangusha nyumba yake ni kushika neno nusu na kuona haya kuuliza nusu iliyobaki, kisha kuficha kosa likiwa bado dogo. Tone la kwanza lingetengenezwa kwa kazi ya saa moja. Lililotufikisha kwenye injini mpya na mkono wa Mwalimu ni lile boksi la mikate lililotandikwa chini.

Lipo funzo la pili, linatuhusu tuliokaa barazani. Tulimshangilia mtu kwa jambo tusilolijua. Kisha Dobi alipotaja matone tisa, tulicheka. Unapomwonya jirani, mwonye peke yake na kwa upole, onyo lipate pa kuingia. Na ukiwa mtazamaji, sikiliza ndani ya ugomvi. Wakati mwingine mna neno la kuokoa mkono wa mtu.

Hilo ndilo funzo, na kama mna haraka mnaweza kwenda. Lakini nawajua. Hamwendi kabla hamjajua kuhusu Mwalimu.

Tuliporudi ilikuwa saa ya chakula na kwangu kumejaa kama kawaida: Dobi yupo, mteja wangu mmoja yupo na nusu ya kichwa chake, Mwalimu amekaa mkekani, anajifunza kushika kijiko kwa mkono wa kushoto. Nikapita ndani. Mikate akabaki mlangoni.

"Nilijua ni oili inayovuja," akasema, mbele ya watu wote. "Siku nne nilijua. Lile boksi nililiweka ili usione inavyozidi."

Mwalimu akaweka kijiko chini.

"Kwa nini?"

"Ungeona inavyozidi, ungenilazimisha niipeleke. Na huko ningeulizwa niliikaza vipi."

"Na leo umeulizwa?"

"Nimeulizwa."

"Ukafa?"

"Sikufa."

Mwalimu alimtazama kama anavyomtazama mtoto aliyemwaga wino na kuja kusema mwenyewe. Kisha akajisogeza kando kidogo, mkono wake wenye plasta akiuinua kwa ule mwingine, pakapatikana nafasi ya mtu mmoja mkekani.

"Umesimama unatuzibia mwanga," akasema. "Nawa mikono, uingie ule."