Mbuzi Aliyeombwa Ruhusa

Wapiga makasia walimwomba nahodha wao, Thrasimedi, wakae ghubani siku moja zaidi. Wingu zito lilikuwa limeikalia rasi ya Kafereo kama kifuniko juu ya chungu. Thrasimedi akasema mji unamsubiri. Huyu alipewa merikebu kwa sababu ya wingi wa mizeituni yake. Kasia alikuwa hajalishika hata siku moja.

Adhuhuri haijafika, upepo uliwageuza ubavu. Mawimbi yakaingia kwenye matundu ya makasia, safu ya chini ikazama imekaa vitini, na mwamba ukaikata merikebu katikati. Watu mia moja na sabini waliondoka ghubani. Sabini na watatu walitambaa juu ya kisiwa cha mawe kisicho na mti, pamoja na mashua moja ya watu sita. Thrasimedi alitoka hana hata mkwaruzo.

Mikon alitoka majini akimburuta Lampis kwa ukosi wa vazi. Miaka sita Lampis alikuwa akikaa mbele yake kwenye makasia, na Mikon aliujua mgongo ule kuliko uso wake mwenyewe. Sasa paja la Lampis lilikuwa limechanwa na kibanzi kirefu kama mkono.

"Vuta," Lampis akasema.

"Nikivuta damu itamwagika."

"Basi kiache, nife na ubao wa serikali mwilini. Wataudai."

Mikon alivuta, akafunga jeraha kwa kipande cha tanga. Hakuwa na mtu mwingine duniani. Mkewe, Arkhipe, alikufa mwaka wa tauni, wakubwa walipoamuru watu wa mashamba wote wajazane ndani ya kuta za mji, familia tatu kwenye kibanda kimoja. Wakubwa hao hao walihutubia vizuri sana mazishini.

Maji yalikuwa kwenye shimo moja la mwamba, ya mvua, yenye kinyesi cha mbuzi mwitu waliokuwa wakinywa hapo. Mbuzi wanane walikamatwa na kufungwa. Shimo likawekewa mlinzi. Kila mtu kikombe kimoja kwa siku. Kisiwa cha Andro kilionekana ng'ambo, mwendo wa nusu siku kwa mashua, na bahari ilikuwa imetulia.

"Twende, bwana," Mikon alimwambia Thrasimedi. "Sita tu. Turudi na wavuvi."

"Tulitoka ghubani bila kafara, mzee. Umeona mwenyewe. Safari hii hatutoki mpaka miungu iridhie."

Basi kila asubuhi mwaguzi wa merikebu alivaa taji la majani makavu ya baharini, akamwaga mtungi mzima wa maji juu ya kichwa cha mbuzi, watu wakitazama ndimi zimekauka. Mnyama wa kafara hachinjwi kwa nguvu. Akiinamisha kichwa, amekubali. Akikiinua juu, amekataa, kama mtu anavyokataa.

Mbuzi wa kwanza aliinua kichwa. Wa pili naye. Siku ya pili wakakataa watatu. Mbuzi aliyekataa hachinjwi, kwa hiyo haliwi, na watu waliendelea kubandua kome pale mawe yanapokutana na maji. Siku ya tatu wakazikwa watu wanne kwenye kokoto.

"Poseidoni amekasirika sana," mwaguzi akasema.

Siku ya nne Mikon alikaa karibu, akatazama vizuri. Maji yalipomwagwa, mbuzi alitupa kichwa nyuma, akafungua mdomo, akatoa ulimi kuyadaka. Hakuwa anakataa kitu. Alikuwa na kiu.

Mikon akamvuta mwaguzi kando, akamweleza.

"Usiseme hivyo tena," mwaguzi akanong'ona. "Watu wote hawa wamekufa kwa sababu ya kiu ya mbuzi? Thrasimedi atakutosa baharini, na mimi nitamsaidia."

Siku hiyo Lampis aliacha kufanya mzaha. Paja lilikuwa jekundu mpaka kiunoni, likinuka.

Siku ya tano, baada ya mgawo, Mikon alichukua kikombe chake akampelekea mbuzi mdogo kuliko wote. Mbuzi alikunywa kwa mkupuo mmoja, akalamba vidole vya Mikon, akalia akitaka zaidi. Mikon alirudi. Lampis alikuwa amelala, kikombe chake kando ya shavu, hakijaguswa. Mikon alisimama pale mpaka jua likamchoma kisogo. Kisha akainama, akakichukua.

Mwaguzi alipomwaga mtungi, mbuzi yule, tumbo limejaa, aliona baridi tu. Akainamisha kichwa, akatikisa masikio.

"Amekubali," Thrasimedi akasema, machozi yakimtoka kweli.

Waliingia mashuani watano wenye nguvu za kupiga makasia, Mikon mmoja wao. Nafasi ya sita aliichukua Thrasimedi. Alikaa nyuma na kuwakosoa mapigo mpaka Andro.

Thrasimedi alibaki huko, kwenye meza ya wenyeji, akiishukuru miungu. Mikon alirudi kesho yake na wavuvi na mashua tatu. Kumi na mmoja zaidi walikuwa wamekufa. Alipanda mawe mbio, mtungi begani.

Lampis alikuwa hai. Midomo yake ilikuwa imepasuka kama udongo wa kiangazi. Alikunywa, akapumzika, akanywa tena.

"Siku ile mlipoondoka," akasema, "niliamka nikakuta kikombe changu kitupu."

"Nilimpa mbuzi. Bila hivyo tusingeondoka."

"Wangu pia?"

"Wangu kwanza. Haukutosha."

"Ungeniuliza."

"Ulikuwa umelala."

"Ungeniamsha, Mikon. Labda ningekubali."

Mikon akainama na kumpa bega amtegemee, washuke mashuani. Lampis aliliangalia bega lile. Kisha akamwita mvuvi mmoja, mtu asiyemjua hata jina, akamkumbatia shingo, akaenda naye akichechemea.

Mikon alishuka nyuma yao na mtungi.