Mkate wa Mnunuzi

Wa kwanza kumwambia Marthese habari ile alikuwa jirani yake Salvina, mshonaji wa mavazi ya maigizo.

"Shoga, yule aliyemnunua mumeo jana ni nani?"

"Si Spiru wa buchani?"

"Spiru yuko kitandani na homa. Hakutoka."

Marthese akacheka kidogo, kisha akaacha. Kila kiangazi watu wa mji wao wa Birgu walivaa nguo za zama za merikebu za makasia, wakaigiza bandari yao ya kale: wauza samaki, mabaharia, na soko la mateka. Mumewe Wistin ndiye aliyekuwa mateka. Mnunuzi humlisha mateka kipande cha mkate, akimeza, ameuzwa. Miaka yote Wistin alijifanya tu kuuma. Jana njaa ilimshinda, akaumeza wote.

Mchana ule, saa ya watu kujilaza, madirisha yakiwa yamefungwa kwa joto, nyumba ilianza kunuka maji ya bahari yaliyooza. Wistin alilala huku mikono yake ikivuta na kusukuma, ikivuta na kusukuma, kama ya mtu mwenye kasia. Kifundo cha mguu wake kilikuwa na duara jeusi lililochubuka, kama la pingu.

Mama mkwe, Pawla, alikuja na majani ya mzeituni yaliyobarikiwa Jumapili ya Matawi. Akayachoma kwenye sufuria, akafukiza chumba baada ya chumba.

"Ungempikia mumeo akashiba, asingekula cha watu," akamkaripia Marthese kwa sauti ya chini.

Moshi ulifika mlango wa chumba cha kulala ukarudi nyuma, na humo ndani mnyororo ukaanza kuburuzwa polepole juu ya mawe ya sakafu, ukazunguka kitanda, ukaja mpaka kizingitini, ukasimama pale pasipokuwa na mtu, na ile harufu ikawa nzito hata mtoto Ylenia, aliyekuwa akilia mikononi mwa Marthese, akanyamaza ghafla na kuuficha uso wake, ndipo sauti kavu ikasema, "Wangu. Nimemlisha."

Pawla hakurudi nyuma.

"Mimi nilimlisha kabla yako! Kwa ziwa hili! Aliyenyonya kwa mamaye hanunuliki. Mimi si kama huyu, mwenye mtoto wa maziwa ya kopo!"

"Mama, nyamaza," Marthese akanong'ona.

Kisha kicheko kidogo. Mnyororo ukapita miguuni mwao, wa baridi, ukashuka ngazi kuelekea gatini. Kitandani Wistin akafumbua macho, akaomba maji.

"Umeona?" Pawla akasema, akijifuta jasho. "Jifunze."

Asubuhi iliyofuata Marthese alimkuta Ylenia ameketi sakafuni jikoni, amezungukwa na nyayo za maji ya chumvi. Mkononi alishika kipande cha mkate mkavu, mgumu kama jiwe, akikipeleka mdomoni. Marthese akamnyang'anya. Akakitazama pande zote. Hakikuwa na alama ya jino.

Hakumwita Wistin, wala Pawla. Kukitupa ni kungoja kingine kiletwe. Alikaa chini, akampakata mwanawe, akaula mkate wote hadi makombo ya kiganjani.

Kisha akamweka mtoto kando, akanyoosha mguu kuungoja mnyororo.