Mstari wa Nne

Mistari ilikuwa minne. Deyanira aliihesabu tena kwenye kompyuta, kidole kikigusa mmoja mmoja. Kila kipaza sauti kilikuwa na mstari wake, na mstari ulicheza pale tu mtu aliposema. Siku hiyo walikuwa wamezungumza watatu: yeye, Radhamés na Nurys. Kipaza sauti cha nne, cha marehemu kaka yake Heriberto, kilikuwa mezani bila waya.

Mstari wa nne ulikuwa umecheza mwanzo hadi mwisho.

"Labda ni feni," alisema Nurys.

"Feni gani inavuta pumzi?" alijibu Radhamés.

Kwa miaka minne marafiki hawa walikutana kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, katika chumba cha nyuma cha mama yake Deyanira, pale Moca, mji wa Jamhuri ya Dominika. Waligombana kuhusu filamu na tamthilia, kisha wakayarusha mabishano hayo mtandaoni kama podikasti. Kipindi kilianza kwa namna moja tu. Deyanira aliuliza, "Nani yupo?" na kila mmoja, yeye mwenyewe akiwemo, akaitika, "Nipo." Heriberto alikuwa wa mwisho: "Nipo, na leo sina huruma!"

Pikipiki ilimuua mwezi wa Machi, Mungu amrehemu. Walimsalia rozari siku tisa, na glasi ya maji ikakaa kwenye altare, meza ya sala waliyoiweka nyumbani, kwa ajili ya roho yenye kiu. Siku ya tisa Bi Eufemia, anayeongoza sala za wafu mtaani, aliyamwaga maji, akaivunja altare, akamwambia marehemu aende kwa Mungu. Baada ya hapo marehemu huombewa. Haitwi.

Deyanira hakuweza kuacha kumwita. Aliyezika anajua kwamba sauti ndiyo hutangulia kusahaulika, na sauti ya Heriberto ilikuwa imebaki katika vipindi vya zamani tu. Akakata ile "Nipo" yake, akaiweka mwanzoni mwa kila kipindi kipya. Wiki saba alimwita, na wiki saba sauti iliitika.

Jumamosi iliyofuata ile ya mstari wa nne, chumba kilinuka mshumaa uliozimwa sasa hivi, ingawa hakuna aliyewasha.

"Mimi huyu mjane wa tamthilia nimempenda," alisema Radhamés. "Analia vizuri."

"Wewe unampenda kila anayelia," alisema Nurys. "Ndio maana wamekuacha watatu."

Wakacheka. Katika hedifoni akacheka na wa nne, kwa kuchelewa kidogo. Hapo umeme ukakatika. Feni ikasimama, kompyuta ikazima, na hakuna aliyeshtuka, maana umeme hukatika kila siku. Lakini hedifoni, ambazo hazikuwa na pa kupata sauti, ziliendelea kuvuta pumzi masikioni mwao, taratibu, kama mtu anayepanda ngazi akiwa amebeba kitu kizito, mpaka pumzi ile ikawa maneno.

"Uongo mtupu," ilisema sauti ya Heriberto. "Wajane hawalii. Wanafurahi, kama Radhamés alivyofurahi kukalia kiti changu. Nawachukia wote watatu."

Bi Eufemia alikuja Jumapili, moja kwa moja kutoka misani, na maji ya baraka mkobani.

"Huyo si kaka yako," alisema kwa sauti ya chini. "Kaka yako nilimsindikiza mwenyewe. Wewe ukakaa mlangoni unaita, jini likapita, likakuta sauti haina mwenyewe, likaivaa. Futa vipindi vyote. Na likikusemesha, usiitike. Umenisikia, mwanangu?"

"Vyote, Bi Eufemia? Mama huvisikiliza akipika."

"Vyote."

Bi Eufemia akaanza rozari kwa sauti kubwa, Radhamés na Nurys wakaitikia. Deyanira akafuta kimoja, akafuta kingine, na kadiri vilivyopungua harufu ya mshumaa ilizidi kumkaba, na kilipobaki kimoja tu, kidole kikiwa tayari, sauti ikatoka katika kipaza kisicho na waya, haina tena matusi, ni ile ya utotoni, ya kaka aliyemshika mkono kuvuka barabara, ikisema, "Deya, huku ni giza, nina kiu, Deya, upo?"

"Nipo, kaka," alinong'ona.

Kisha akabonyeza.

Sauti za rozari zilikuwa kubwa; hakuna aliyemsikia. Harufu ikaondoka. Bi Eufemia akanyunyiza maji pembe zote nne, akamshukuru Mungu.

Jumamosi walikaa tena, watatu. Mistari mitatu. Radhamés alileta hata biskuti.

"Nani yupo?" aliuliza Deyanira.

"Nipo," alisema Radhamés.

"Nipo," alisema Nurys.

Ilikuwa zamu yake mwenyewe kuitika. Deyanira akafungua kinywa, akajibu kama alivyojibu miaka minne. Hakuelewa kwa nini Nurys alivua hedifoni na kurudi nyuma hadi ukutani, wala kwa nini Radhamés alipiga ishara ya msalaba akimkazia macho mdomoni.

Mpaka alipojisikia mwenyewe akimalizia, kwa sauti nzito ya mwanamume:

"Na leo sina huruma."