Kamera Mbili za Mtaani

Chumba cha nyuma cha gereji kilinuka tairi. Fundi wa mtandao alichora laini ubaoni.

"Kamera za duka la sonara ni nne, mbili za ndani, mbili za mtaani. Kila moja inatuma megabiti mbili kwa sekunde. Jumla nane. Nikiibana laini ipitishe mbili tu, picha zinapanga foleni: za dakika moja zinafika kwa dakika nne. Nabana saa nne kamili. Mnaingia saa nne na dakika tatu. Walinzi kule ofisini kwao watawaona mkiingia saa nne na dakika kumi na mbili. Mmeshaondoka."

"Kwa nini usikate kabisa?" aliuliza Chuma, mkuu wao.

"Laini ikifa, king'ora kinalia. Ikichechemea, wanalaumu mtandao, kama kila siku."

Kaka yake Fundi, mvunja makabati, alicheka. Ndiye aliyemsomesha Fundi, kwa kazi hizi hizi. Hii ilikuwa ya mwisho. Fundi alikuwa amemwapisha.

"Mdogo wangu akisema kumi na mbili, ni kumi na mbili."

Chuma hakucheka. Hakuwahi kumwamini mtu anayeiba akiwa amekaa kwenye kiti.

SAA 4:00 ASUBUHI. Fundi, mezani pake kwenye kampuni ya mtandao, aliibana laini.

SAA 4:03. Kaka aliingia dukani na begi. Simu aliiacha, amri ya Chuma. Chuma mwenyewe alibaki garini, simu mkononi.

SAA 4:05. Fundi alitazama kiasi kinachoingia kwenye laini. Megabiti nne, si nane. Jana alipima. Leo, kwa kiburi tu, hakupima. Akampigia Chuma.

"Kamera mbili hazitumi!"

"Za mtaani. Nilizikata alfajiri. Sura yangu siiachii foleni yako. Si ulisema wanalaumu mtandao?"

"Mjinga wewe! Mzigo umepungua nusu, foleni imekuwa fupi! Watamwona saa nne na sita, si kumi na mbili! Mtoe kaka, una dakika moja!"

Kwenye simu, injini ya gari ikawaka.

"Chuma? Bosi, nakuomba. Ni kaka yangu."

Simu ikakatwa.

SAA 4:09. Hakukuwa na cha kuficha tena. Fundi akaiachia laini. Picha zikakimbia kwenye kioo chake mpaka zikafikia wakati wa sasa, safi kabisa. Kaka yake amelala kifudifudi, buti la mlinzi mgongoni. Shingo ameigeuzia mlangoni, bado anasubiri gari.