Folda Isiyo na Mwenyewe

Kila siku akirudi shuleni, Chiriku alivua viatu mlangoni, akanawa mikono, akala chakula alichofunikiwa mezani, kisha akaenda sebuleni kukaa na bibi yake. Nyumbani walimwita Chiriku kwa sababu ya maneno mengi. Mama yake, aliyekuwa fundi cherehani kwenye chumba cha mbele, alipata habari zote za darasa la sita bila kuinua macho kwenye kitambaa.

Bibi alikuwa mama mzazi wa baba. Mwaka uliopita alipata kiharusi, mkono wake wa kulia ukalegea. Daktari wa mazoezi alimwelekeza kwenye video za hospitali, na kila alasiri Bibi alikaa mbele ya televisheni akazifuata: kuzungusha bega, kukunja kiwiko, kuminya sifongo, kuokota kijiti. Chiriku alihesabu kwa sauti. Taratibu vidole vilianza kutii. Nyuma ya mlango palining'inia gauni la bluu ambalo mama alimshonea, lenye vifungo mbele kuanzia shingoni. Mama alitaka kuweka lastiki ili kazi iwe rahisi, lakini Bibi alikataa katakata. Alisema atalivaa siku atakapofunga vifungo mwenyewe, maana hataki kuvishwa kama kitoto kichanga.

Chini ya televisheni palikuwa na kompyuta kuukuu iliyoitwa Ghala. Baba, fundi wa friji, aliipata ofisi moja ilipokuwa ikitupa vitu, akaitia diski mpya, akaiunganisha na televisheni na simu zote za nyumbani. Humo walihifadhi filamu, nyimbo, masomo na picha za familia. Hata intaneti ikikatika, vilivyomo vilionekana, kwa kuwa havikutoka nje ya nyumba. "Akiba haiozi," baba alipenda kusema, akiipangusa vumbi.

Ghala lilikuwa na sheria moja. Nafasi ni ndogo, kwa hiyo anayeweka kipya apunguze cha zamani, ila apunguze chake.

Siku moja intaneti ilikatika mji mzima. Watu waliokuwa wakichimba mtaro wa mabomba walikata waya mkubwa, ikasemwa kwamba matengenezo yatachukua siku kadhaa. Simu za kawaida zilipita, lakini video wala ujumbe wa picha havikwenda. Mtaa mzima ulizubaa. Nyumbani kwa kina Chiriku, kwa mara ya kwanza, watoto wa jirani walipanga foleni mlangoni.

Chiriku alivimba kichwa. Alikuwa na katuni nyingi mno ndani ya Ghala, mfululizo mzima, na aliwakalisha wenzake chini akiwaamuru wasikanyage zulia kwa miguu ya vumbi. Rafiki yake Miwani, msichana wa nyumba ya pili, alimuuliza alipata vipi nafasi ya vitu vyote hivyo. Chiriku alijibu kwamba mjini ni akili. Wote wakacheka.

Katuni ya pili haijaisha, mama aliita kutoka kwenye cherehani kwamba saa ya Bibi imefika. "Mwekee yale ya kwenye Ghala. Baba yako aliyahifadhi kwa ajili ya siku kama hizi."

Chiriku akafungua folda ya Bibi na kukuta picha tu. Akafungua ya baba, akafungua ya mama. Ndipo akakumbuka. Mwezi uliopita, akitafuta nafasi ya katuni, aliona folda yenye tarakimu tupu badala ya jina. Alijiambia kwamba kisicho na jina hakina mwenyewe, akaifuta bila hata kuifungua. Kumbe baba alikuwa amehamisha mazoezi kutoka kwenye simu kwa haraka, akayaacha na tarakimu zake. Tangu hapo hakuna aliyegundua, kwa sababu Bibi alitumia ya intaneti.

Chiriku alimnong'oneza Miwani alichokifanya, naye akamsogelea sikioni. "Sema mashine imeyala. Mashine hazina mdomo wa kukukana."

"Mama," Chiriku akaita, sauti ikiwa nyembamba kuliko kawaida yake, "Ghala limeyala mazoezi ya Bibi."

Mama alikuja, akatazama, akasikitika. Aliwaomba watoto waende kwao, akasema Ghala lisiguswe mpaka baba apate nafasi ya kulichunguza. Katuni zikafungwa pamoja na vingine vyote.

Siku hiyo Bibi hakufanya mazoezi, na iliyofuata pia hakufanya. Chiriku alijaribu kumwelekeza kwa kukumbuka, lakini walichanganya zoezi la bega na la kiwiko, Bibi akashtuka kwa maumivu. Asubuhi ya tatu kikombe kilimponyoka, chai ikamwagika mapajani. Haikuwa ya moto. Bibi aliutazama mkono wake, kisha akamwomba mama aliondoe lile gauni nyuma ya mlango, aliweke kabatini. Chiriku alisikia kila neno, akasukuma bakuli la uji kando. Mama alishangaa mtoto mwenye maneno amekuwa bubu, akamshika paji la uso kuona kama ana homa.

Siku ya mapumziko baba aliketi mbele ya Ghala akiwa amevaa miwani yake ya kazi. Alimuuliza Chiriku folda ilipoteaje, naye akajibu huku akitazama sakafu kwamba ilipotea yenyewe. Baba akakuna kidevu. Alieleza kwamba kompyuta inayokula folda yenyewe ina virusi, na hata akinakili vilivyobaki, virusi vitahama navyo. Dawa ni kufuta diski yote na kuanza upya.

"Yote?" mama akauliza. "Na sauti ya marehemu baba yenu?"

Babu alikuwa ameacha rekodi moja humo Ghalani, akiwasalimia wajukuu na kucheka katikati ya salamu. Bibi, kwenye kiti chake, alisema polepole kwamba kama ndiyo dawa, basi ifanyike, wao wameshaisikia. Lakini macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Baba akaweka mkono kwenye kipanya.

"Baba, usifute," Chiriku akasema. "Halina ugonjwa. Ni mimi."

Alisema yote bila kupumzika: nafasi ya katuni, folda ya tarakimu, uongo wake. Miwani hakumtaja, kwa sababu ulimi uliosema uongo ulikuwa wake yeye. Alipomaliza alilia, na ilikuwa afadhali kulia kuliko zile siku zote za kukaa kimya.

Baba aliondoa mkono kwenye kipanya taratibu. Alikasirika, na alimwambia hivyo waziwazi. Alitafuta kama folda ile ingeweza kurudishwa, lakini katuni zilikuwa zimekaa juu ya nafasi yake. Maji yakimwagika hayazoleki.

"Basi mimi niulize," Bibi akasema. "Huyu daktari wangu hana simu?"

Wakatazamana. Walikuwa wamewaza video tu, na simu ya kawaida ilikuwa inaita vizuri kabisa. Mama akapiga. Daktari aliwaonya wasirudie tena mazoezi ya kubahatisha, akasema atapita jioni akitoka kazini, wajiandae kurekodi mapya.

Kazi ya kutafuta nafasi ilikuwa ya Chiriku. Hakungoja kuambiwa. Alifungua folda yake, akafuta katuni moja baada ya nyingine, mfululizo mzima, na hakugusa cha mtu mwingine.

Jioni Bibi alidai achanwe nywele kwanza, maana hawezi kuingia kwenye sinema na kichwa cha usingizi. Daktari alimwelekeza, baba akashika simu, Chiriku akahesabu. Miwani, aliyekuja kuulizia katuni, aliambiwa zimekwisha. Alinuna kidogo, kisha akakabidhiwa sifongo. Video ikaingia Ghalani kabla ya chakula.

Intaneti iliporudi Bibi hakutaka tena zile video za hospitali. Alisema, akijionyesha mwenyewe kwenye televisheni, kwamba huyu mwanamke wa kwenye Ghala anamwelewa vizuri zaidi, tena ni mzuri. Siku zikapita, na alasiri moja alimtuma Chiriku akalete gauni la bluu kutoka kabatini. Alilivaa, akahangaika na kifungo cha shingoni mpaka jasho likamtoka. Chiriku alinyoosha mkono kusaidia, Bibi akaupiga kofi dogo. Kifungo kikaingia.

Bibi alipumua, akamvuta mjukuu wake karibu.

"Mjukuu wangu, kufuta ile folda kulikuwa kosa la mkono, na mkono nimekuonyesha unavyofundishwa. Uongo ulikuwa wa ulimi. Ungeuacha uzoee, tungekosa mengi, hata sauti ya babu yako. Ukikosea, sema mapema, wakati bado tunaweza kusaidiana."

"Nimesikia, Bibi."

"Haya, hesabu. Bado vifungo vingine."

Chiriku akaanza kuhesabu kwa sauti yake ile ya zamani, mpaka mama akacheka kule kwenye cherehani. Ndani ya Ghala folda mpya ilikuwa na jina lake, aliloliandika Chiriku mwenyewe: Mazoezi ya Bibi, Yana Mwenyewe.